Muulize Mama Fundi: Nitumie Namba ya Kadi Kwanza

Tangu niseme mwezi jana kwamba Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, wenye matoleo kama Mint, Ubuntu na Debian) inaweza kuipa laptopu kuukuu maisha mapya, barua zimemiminika, na karibu zote zina kilio kimoja: mfumo umeingia vizuri, mashine imekuwa nyepesi, lakini waifai imegoma. Wengi mnanitajia jina lililo kwenye kifuniko. "Ni HP." "Ni Dell." Hilo halinisaidii sana, wapendwa. HP na Dell hununua kadi za waifai kwa Intel, Realtek, Broadcom, Qualcomm au MediaTek, na laptopu mbili za mtindo mmoja zinaweza kuwa na kadi mbili tofauti tumboni. Fungua dirisha la amri (Terminal), uandike:

lspci -nnk | grep -A3 -i network

Utaona mstari wenye mabano ya mraba na ndani yake kitu kama 10ec:b723. Nne za kwanza ni za kampuni: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Qualcomm Atheros, 14c3 ni MediaTek. Nne za mwisho ni kadi yenyewe. Chini yake tafuta maneno "Kernel driver in use". Hapo ndipo utajua draiva ipi, yaani programu inayoiendesha kadi, imeishika. Mstari huo usipokuwepo, kadi iko lakini haina mwenyewe.

Walionitumia namba hiyo nimewajibu leo. Wengine, nitumieni ndipo tuongee.

*

SWALI: Mama Fundi, salamu kutoka Luanda, Vihiga. Mimi ni mwalimu wa JSS. Nilinunua HP ya mkono wa pili pale Kisumu nikaweka Linux Mint 22. Waifai inashika nikiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ambako rauta iko, tena mpaka niiweke laptopu karibu kabisa na rauta. Nikirudi chumba cha walimu, ng'ambo ya ua, inapotea. Wenzangu wanasema ni mabati, maana kuta zetu ni za mabati. Lakini simu yangu inashika hapo hapo nilipokaa. Namba ni 10ec:b723. Ninunue kadi nyingine? – Mwalimu, Luanda

JIBU: Usinunue, Mwalimu. Tena umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawalifanyi: umelinganisha na simu. Mabati huzuia mawimbi kweli, hilo wenzako hawakukosea. Lakini kama mabati ndiyo mwizi, mbona hayajaiba ya simu? Simu na laptopu zikikaa meza moja, moja inashika na nyingine haishiki, basi tafuta kosa ndani ya ile isiyoshika.

Na kwa namba yako kosa linajulikana kwa jina. Hiyo ni RTL8723BE ya Realtek. Ina sehemu mbili za kuchomeka waya wa antena, lakini laptopu nyingi za HP zenye kadi hiyo zilitoka kiwandani na waya mmoja tu. Moja ya aina hiyo niko nayo wazi mezani hapa Kondele ninapoandika: kadi yenyewe ni ndogo, ina vichomeo viwili vya rangi ya dhahabu, kimoja kimebanwa na waya mweusi mwembamba, kingine kitupu. Sasa, ndani ya chipu kuna kumbukumbu ndogo iliyoandikwa kiwandani, inayoieleza draiva antena iko upande gani. Katika HP hizi maandishi hayo mara nyingi hayalingani na waya ulivyochomekwa. Draiva inatega sikio kwenye kichomeo kitupu. Rauta ikiwa pua kwa pua na laptopu, kitu kidogo kinapenya, na wewe unadhani kadi ni dhaifu. Si dhaifu, imeelekezwa pabaya.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Ukiwa chumba cha walimu, andika:

nmcli -f SSID,CHAN,SIGNAL dev wifi list

Safu ya SIGNAL ni kati ya 0 na 100. Ikariri namba ya rauta yenu, kama inaonekana. Kisha itoe draiva na kuirudisha ukiilazimisha kutumia antena ya pili:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

Subiri kidogo, urudie ile amri ya kupima. Laptopu hii iliyo mbele yangu ilikuwa inasoma rauta ya jirani wa saluni kwa 27. Baada ya amri hizo imesoma 82, sijaisogeza hata inchi. Kama 2 haikubadilisha kitu, toa tena draiva ujaribu ant_sel=1. Ukipata inayokufaa, iandike mahali pa kudumu, maana ukizima mashine itasahau:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Faili hilo litabaki hata mfumo ukijisasisha. Na ikitokea nguvu ni nzuri lakini mtandao unakatika kila ukiiacha mashine imetulia, ongeza maneno mawili kwenye mstari huo huo, baada ya ant_sel=2: fwlps=0 ips=0. Hayo yanaizuia kadi isijilaze ili kuokoa betri.

Usinieleze kwamba "Windows ilikuwa inashika vizuri, kwa hivyo Linux ni mbovu". Kwenye Windows draiva hutoka kwa wenye kadi na wenye laptopu, watu waliokaa meza moja. Draiva za Realtek za Linux zilitunzwa kwa miaka mingi na Mmarekani mmoja, Larry Finger, mwanasayansi aliyekuwa akijibu maswali ya watu asiowajua, mpaka alipofariki Juni 2024. Ukiona waifai ya HP yako inapita mabati ya Luanda, umwombee alale pema.

*

SWALI: Mama, hujambo? Mimi ni mwanafunzi, ninakaa Njoro. Nimeweka Ubuntu 24.04 kwenye Dell Inspiron. Inaniambia "No Wi-Fi Adapter Found". Nilipeleka kwa fundi mmoja Nakuru mjini akasema kadi imeungua, akataka kuniuzia nyingine, halafu akasema afadhali anirudishie Windows. Namba ni 14e4:4365. Hosteli ina waifai tu, hakuna mahali pa kuchomeka waya. – Mwanafunzi, Njoro

JIBU: Mwanangu, kadi iliyoungua haitoi namba. Yako imejitaja jina na ukoo. Ni BCM43142 ya Broadcom, na inachongoja ni draiva iitwayo wl, ambayo Ubuntu haiiweki yenyewe kwa sababu si programu huria. Ina sehemu ambazo Broadcom wenyewe wamezifunga. Sasa uko pale pale walipo wote wenye kadi hii: ili upate waifai unahitaji draiva, ili upate draiva unahitaji intaneti.

Mlango ni simu yako. Chukua waya wa chaja, ule unaopitisha data, maana baadhi ya hizi za barabarani hupitisha moto tu. Chomeka simu kwenye laptopu, ingia mipangilio ya simu sehemu ya hotspot, uwashe "USB tethering". Ubuntu itaiona simu kama mtandao wa waya, bila draiva yoyote. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: simu ya Android ikiwa yenyewe imeshika waifai ya hosteli, itaipitishia laptopu waifai hiyo hiyo kwa waya. Zima data ya simu kabisa. Bando lako halitaguswa.

Kisha:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Wasiopenda kuandika amri wafungue "Additional Drivers", wachague Broadcom, wasubiri. Walio na Mint watumie "Driver Manager". Ni kitu kile kile.

Soma vizuri hapa sasa, maana hapa ndipo watu hukwama na kusema imekataa. Wakati wa kusakinisha unaweza kuulizwa utunge nywila kwa ajili ya Secure Boot. Huu ni ulinzi ulio kwenye mashine yenyewe, unaokataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika. Tunga nywila yoyote utakayoikumbuka kwa dakika tano, uiandike hata kiganjani. Ukiwasha upya, itatokea skrini ya buluu iliyoandikwa "Perform MOK management". Wanafunzi wakiona buluu huogopa, wanabonyeza chochote, na inapita. Usikimbie. Bonyeza kitufe chochote kabla ya sekunde kumi kwisha, chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", weka ile nywila, uwashe upya. Umeirasimisha draiva.

Kama skrini hiyo ilishakupita, utalijua hilo kwa kuandika sudo modprobe wl na kujibiwa "Key was rejected by service". Usisakinishe mfumo upya! Iite skrini ile irudi:

sudo update-secureboot-policy --enroll-key

Wako wanaozima Secure Boot kabisa kwenye BIOS, ile programu ya mashine inayoamka kabla ya mfumo. Inafanya kazi, na kwa laptopu ya kuandikia insha sitakugombeza. Ila kama mashine ina Windows upande mwingine iliyofungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la diski), ukizima hivi hivi unaweza kukutana na swali la ufunguo wa tarakimu 48 ambao huna. Kwa hiyo mimi naona afadhali skrini ya buluu.

Jambo la mwisho juu ya Broadcom, na hili namjibu pia msomaji wa Kitale aliyesema waifai yake "ilikufa usiku baada ya kusasisha". Draiva hii hujengwa upya kila kerneli mpya (kiini cha Linux) inapoingia, na mara nyingine ujenzi hushindikana. Washa mashine ukishikilia Esc au Shift mpaka orodha itokee, chagua "Advanced options", halafu kerneli ya zamani iliyo chini ya ile mpya. Waifai itarudi, kisha ukiwa na intaneti hakikisha una linux-headers-generic (kifurushi kinachohitajika kuijenga draiva) na usasishe tena. Ndiyo maana nasema usifute kerneli ya zamani kwa tamaa ya nafasi.

Na fundi yule, mwache aende zake. Ila ukikutana na mwingine wa kusema "imeungua", mwombe akuonyeshe ile namba kwanza.

*

SWALI: Fundi, nina Dell Latitude ya ex-UK, Debian 12. Mtoto ameichezea, sasa waifai haiwaki na kibonyezo cha kuiwasha hakinisikii. – Kakamega

JIBU: Andika sudo rfkill list. Ukiona "Soft blocked: yes", imezimwa na programu: sudo rfkill unblock wifi na umemaliza. Ukiona "Hard blocked: yes", hakuna amri itakayokusaidia. Kwenye Latitude za zamani, pitisha kidole ukingoni mwa laptopu, utakuta kiswichi kidogo cha kusukuma. Mtoto amekisukuma. Kisukume kirudi.

Wenye Lenovo IdeaPad wasio na kiswichi chochote, na bado wanaambiwa "Hard blocked", wajaribu sudo modprobe -r ideapad_laptop. Kwenye mitindo fulani draiva hiyo hudai kuna swichi imezimwa wakati swichi haipo kabisa.

*

SWALI: Mama Fundi, kwenye ploti yetu hapa Nyamasaria mwenye nyumba ameweka waifai ya vocha: unaunganisha, ukurasa wa malipo unajitokeza, unalipa kwa M-Pesa, unapewa muda wako. Kwa simu hakuna shida. Kwa laptopu yangu ya Mint mara ukurasa haujitokezi, mara nimelipia saa tatu, nikifunga kifuniko na kukifungua naambiwa nilipe upya. Kadi ni Intel, 8086:08b2. Mwenye nyumba anasema Linux ni ya wadukuzi, ndiyo maana. Nilikuwa nimefuata video ya kujilinda mtandaoni: nikaweka DNS ya 8.8.8.8, na pale kwenye MAC nikachagua "Random". – Mpangaji, Kisumu

JIBU: Asante kwa kutaja video, umeniokolea kazi. Kadi yako, Intel 7260, haina neno. Ni ile video inayokula pesa zako.

Anza na vocha. Rauta ya vocha haikujui wewe wala namba yako ya M-Pesa. Inaijua ile anwani ya kadi, MAC. Umelipa, imeandika: anwani hii ina saa tatu. Wewe umeiambia laptopu ijitungie anwani mpya kila inapounganika. Ukifunga kifuniko na kufungua, mbele ya rauta umekuwa mgeni mwingine aliyeingia mlangoni, na mgeni hulipa. Simu yako pia huficha anwani yake ya kweli, Android hufanya hivyo tangu toleo la 10, lakini huweka anwani moja ya bandia kwa kila mtandao na kuishikilia. Ndiyo maana simu hailipishwi mara mbili. Rekebisha hivi, ukiweka jina la mtandao wenu kama lilivyo:

nmcli connection modify "JINA-LA-WAIFAI" 802-11-wireless.cloned-mac-address permanent

Kama bado unataka kujificha, badala ya permanent andika stable. Hiyo hutunga anwani ya bandia moja kwa kila mtandao, mtindo wa simu. Kisha katisha na uunganishe upya kabla ya kulipa, si baada ya kulipa!

Ukurasa usiojitokeza ni kisa kingine. Kabla hujalipa, rauta hukuruhusu kuongea nayo peke yake. Wewe umeiamuru laptopu ipeleke kila swali la DNS (la kuuliza tovuti fulani iko kwenye anwani gani) kwa 8.8.8.8, ambayo iko nje ya geti lililofungwa. Swali haliendi, jibu halirudi, ukurasa hauji. Kwa mtandao huu rudisha DNS kwenye "Automatic". Ikibaki kimya, fungua kivinjari uandike http://neverssl.com, bila herufi s baada ya http. Kurasa za https haziwezi kugeuzwa njiani kupelekwa kwenye malipo bila kivinjari kulalamika. Za http zinaweza. Hata hiyo ikishindwa, andika ip route, uchukue namba iliyo baada ya "default via", uiweke kwenye kivinjari. Hiyo ndiyo rauta yenyewe.

Mwenye nyumba mfikishie salamu. Rauta anayokusanyia pesa za vocha, uwezekano mkubwa nayo ndani yake ni Linux.

*

SWALI: Jirani amenipa nywila ya waifai yake inayoishia na "5G". Simu yangu inaiona, laptopu ya Ubuntu haiioni kabisa. Je, laptopu ni ya zamani mno kwa 5G? Kadi 10ec:b723. – Bungoma

JIBU: Hiyo 5G si ile ya mnara wa simu. Ni gigahezi 5, masafa ya pili ya waifai, na kadi yako ina masafa ya 2.4 peke yake. Si Linux, hata Windows isingeiona. Ukitaka kuhakikisha, andika iw list | grep Band. Ikitokea "Band 1" tu, una 2.4 tu. Rauta ya jirani karibu hakika inarusha pia 2.4, pengine kwa jina lile lile bila mkia wa 5G. Muombe hiyo. Kwa nyumba mbili zilizotengana, 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hivyo hujapoteza kitu.

Kama hata ya 2.4 huioni, mwambie jirani atazame chaneli. Ikiwa 12 au 13, kadi nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazisikilizi huko. Aihamishe kwenye 1, 6 au 11. Ikionekana lakini inakataa nywila iliyo sahihi, huenda rauta imewekwa ulinzi mpya wa nywila, WPA3, peke yake. Aiweke WPA2. Na wewe pia, kwa kuwa una kadi ya Mwalimu wa Luanda, kasome jibu lake hapo juu.

*

SWALI: Mama Fundi, mimi ni mstaafu hapa Gilgil. Nina ThinkPad T430, Mint. Waifai ilikuwa inakatika kila baada ya dakika chache, kadi 10ec:8176. Kijana wangu akaniletea kadi ya Intel kutoka Nairobi tukaichomeka. Sasa laptopu haiwaki kabisa, inaandika "1802: Unauthorized network card is plugged in". Linux imeikataa kadi? – Mzee, Gilgil

JIBU: Mzee wangu, Linux hata haijaamka wakati huo. Maneno hayo yanaandikwa na BIOS, kabla ya mfumo wowote. ThinkPad za enzi hiyo zina orodha ya kadi zilizoruhusiwa na Lenovo, na kadi isiyo kwenye orodha hukataliwa hata kama ni nzuri kuliko ya zamani. HP za zamani nazo zina tabia hiyo; zao huandika "104-Unsupported wireless network device detected". Zima, toa betri, itoe kadi ya Intel, rudisha ile ya Realtek. Itawaka.

Unapochomeka nyaya za antena, usizisukume kwa bisibisi. Kandamiza kwa kucha ya kidole gumba, wima, mpaka usikie zimekaa. Na kama kijana ataleta tena kadi, ahakikishe ni ya umbo la mini PCIe nusu. Zile mpya za M.2 haziingii, na vichomeo vyake vya antena ni vidogo zaidi. Waya wa T430 ukiulazimisha pale unaharibu vyote viwili.

Sasa tuiangalie ile ya Realtek ambayo mliihukumu. Kukatika kila baada ya dakika chache, huku rauta iko karibu na nguvu ni nzuri, ni dalili ya kadi inayolazwa ili kuokoa betri. Kuna pahali pawili pa kuizuia. Kwanza NetworkManager, programu inayosimamia mitandao:

sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Utakuta wifi.powersave = 3. Badilisha 3 iwe 2, ambayo maana yake ni usiokoe. Bonyeza Ctrl na O, kisha Enter, kisha Ctrl na X. Pili, draiva yenyewe. Kadi yako ni RTL8188CE, lakini draiva inayoishika inaitwa rtl8192ce, hapo usichanganyikiwe:

echo "options rtl8192ce ips=0 fwlps=0" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8192ce.conf

Washa upya, ukae nayo siku nzima. Betri itapungua haraka kidogo. Kwa mtu anayetumia laptopu mezani karibu na soketi, si hasara.

Ikiendelea kukatika ndipo utoe pesa. Njia ya kwanza ni kadi iliyo kwenye orodha ya Lenovo: T430 ziliuzwa pia na Intel Centrino Advanced-N 6205, ambayo ina masafa yote mawili na Linux inaifahamu bila kuongezewa chochote. Itafute kwa wanaouza vipuri vya ThinkPad zilizokufa, ihakikishwe imetoka ndani ya ThinkPad, maana 6205 iliyotoka kwenye laptopu ya kampuni nyingine inaweza kukupa 1802 ile ile.

Njia ya pili ni adapta ya USB, na orodha ya BIOS haiihusu kabisa. Hapa kijana asikubali kuuziwa kwa maneno ya kwenye boksi. "Inafanya kazi na Linux" mara nyingi maana yake ni CD yenye msimbo wa kujijengea mwenyewe. Aulize chipu. Atheros AR9271 inawaka ukiichomeka, ingawa ni ya 2.4 tu. MediaTek MT7612U ina yote mawili, na draiva yake imo ndani ya kerneli tangu 2018. Akiletewa ya Realtek, aichomeke pale pale dukani kabla ya kulipa na aandike lsusb. Ikijitaja 0bda:1a2b, imejifanya diski ya kusakinishia Windows, na waifai haitaonekana mpaka diski hiyo itolewe:

sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b

Baada ya hapo lsusb itaonyesha namba nyingine. Hiyo ya pili ndiyo mnitumie.